Laini ya Pili

Mwaka ule laini zote za simu zilipotakiwa kusajiliwa upya kwa kitambulisho cha taifa na alama za vidole, mimi nilikuwa na mwamvuli, meza ya plastiki na kiti kimoja kwenye kona ya Kariakoo ambayo wauza khanga na wauza chaja waligombania kila asubuhi. Kiti kilikuwa cha mteja. Mimi nilikalia ndoo iliyogeuzwa. Nilikuwa na miaka ishirini na sita, nina cheti cha uhazili ambacho hakuna ofisi iliyokitaka, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu watu wazima walipanga foleni kunisubiri. Sitajifanya mnyenyekevu, nililipenda jambo hilo. Mabwana wa ofisini walitoka Posta na tai zao, wakakaa kwenye kile kiti, nami nikawaamuru: lete kidole, si hicho, kile kingine, kandamiza, usitingishe.

Kazi yenyewe haikuwa ngumu. Mteja alinitajia namba ya kitambulisho chake, namba ndefu kupita maelezo, nikaiandika kwenye simu ya kazi, akaweka kidole kwenye kimashine chenye kioo kidogo chekundu. Huko mbali, sijui wapi, kompyuta ililinganisha kidole na jina. Ikikubali, majina yake yote matatu na tarehe yake ya kuzaliwa vilitokea mbele yangu. Niliujua umri wa wanawake ambao waume zao hawakuujua. Nilijua nani amezaliwa hapa mjini na nani anajidai tu. Namba za watu niliziandika kwenye daftari, ili mtu akirudi bila kadi nisimsumbue, na daftari lile nililiacha mezani nikienda kununua maji. Nilifikiri nawafanyia wema. Hakuna aliyenieleza kwamba yale hayakuwa yangu kuyashika, na mimi sikuwa mtu wa kuuliza.

Watu wengi hawakuwa na kadi. Walikuwa wamejiandikisha, wakapigwa picha, wakaambiwa wasubiri, wakasubiri mpaka wakasahau wanasubiri nini. Halafu ikatangazwa siku ya mwisho: laini ambazo hazijasajiliwa zitazimwa. Ndipo watu wa mjini wakafanya kile wanachofanya kwa kila kitu kisichotosha. Wakaazimana. Katika nyumba za kupanga, ambako jirani hugonga mlango kuomba chumvi, kinu, mkeka wa msiba, kuomba kidole halikuwa jambo la kufikiria mara mbili. Mtu alisema tu, nisaidie kidole, laini yangu inazimwa kesho. Mwenye kadi akafuta mikono, akaja. Kumnyima kungekuwa roho mbaya.

Mimi nilipanga Ilala, si mbali na mitumba ya Mchikichini, kwenye nyumba ya zamani ya vyumba sita, ukumbi katikati na ua nyuma. Chumba cha kwanza kushoto alikaa mama mmoja wa Kilwa aliyekaanga samaki kwenye soko la Feri. Tulimwita kwa jina la mwanawe, kama ilivyo desturi. Jina lake mwenyewe nililisoma mimi siku nilipomsajili, na nikashangaa kwamba jina zuri namna ile limekaa miaka yote bila mtu wa kuliita. Sitaliandika hapa. Nimeshalitumia vya kutosha.

Niseme alikuwa nani kwangu. Nilipoingia nyumba ile nikitokea Masasi, nilikaa wiki mbili nikaugua malaria, sina ndugu wa karibu, sina hata sufuria ya maana. Yeye ndiye aliyenipikia uji na kunisimamia ninywe. Nilipopona hakusema neno juu ya jambo hilo, ila tangu siku ile, kila jioni akirudi kutoka Feri, nilikuta kipande cha samaki mlangoni kwangu, kwenye sahani iliyofunikwa kwa kawa. Kama siku hiyo samaki walikuwa adimu, nilikuta kichwa. Nikimshukuru alikuwa ananiambia niache maneno mengi, samaki wanapoa.

Alikuwa na kadi mapema kuliko wengi wetu. Tatizo lake lilikuwa vidole. Miaka zaidi ya ishirini ya kuparua magamba, chumvi, mafuta ya moto na maji ya barafu vilikuwa vimevila mpaka ncha zake zikawa laini kama sabuni iliyotumika. Siku ya kumsajili kwa mara ya kwanza tulijaribu dole gumba la kulia, la kushoto, cha shahada, cha kati, mashine ikakataa kila kimoja. Watu nyuma yake wakaanza kuguna. Yeye akacheka, lakini cheko la aibu, akasema kumbe hata yeye mwenyewe serikali haimjui. Mwisho kikakubali kidole kidogo cha mkono wa kushoto, baada ya kukifuta mara ya nane. Kuanzia siku ile nyumba nzima ilijua kwamba kidole cha kuazima kwa mama ni kile kidogo. Alimwazima fundi cherehani wa chumba cha pili. Alimwazima mpwa wa mwenye nyumba. Wote niliwasajili mimi.

Mwanawe alikuwa na miaka ishirini na mbili, mtoto wake wa pekee. Alishusha mizigo kwenye maghala ya Kariakoo, na alikuwa kijana mwenye maneno mengi na mguu mwepesi. Aliwahi kuuza redio ya mama yake akaapa kwamba imeibwa, na redio ikaonekana kwa kinyozi wa mtaa wa pili. Mama alimsamehe, lakini nyumba haikusahau. Kila kitu kilichopotea pale uani, hata kama ni kibanio cha nguo, watu walitazama mlango wao kwanza. Kadi yake yeye ilikuwa bado haijatoka.

Siku ninayoijutia ilikuwa ya kawaida. Mchana alikuja mwamvulini kwangu mwanamume wa makamo, shati limepigwa pasi, sauti ya upole. Alisema katoka mkoani, kadi yake haijatoka, anahitaji laini kwa ajili ya kazi. Nilimweleza kwamba bila kadi haiwezekani. Hakubishana. Alikaa kwenye kiti, akanunua maji, akaninunulia na mimi, akaniuliza kwa utaratibu kama sina ndugu wa kumsaidia kidole. Alisema angepita kesho asubuhi, na akaacha mezani kitu kidogo cha asante. Mimi siku hiyo nilikuwa sijafikisha tageti, na msimamizi wetu alikuwa ameshatuambia kwamba asiyefikisha wiki hiyo arudishe mashine. Basi nikachukua laini moja mpya kwa ajili yake, nikaitia kwenye mkoba, nikarudi nayo nyumbani. Njiani sikuwa nimeamua lolote. Hivyo ndivyo nilivyojiambia kwa muda mrefu, na sasa sijiamini tena hata katika hilo.

Nilimkuta mama uani anaparua vibua, jua bado halijazama. Mwanawe amekaa kwenye kizingiti na laini yake mpya mkononi, ananisubiri mimi. Ya zamani ilikuwa imezimwa tangu asubuhi. Mama akaniambia nimsajilie kijana kwa kidole chake, asije akakosa kupigiwa simu za kazi. Nikatoa mashine, nikaandika namba ya kadi yake, ambayo kufikia wakati huo niliijua kwa kichwa. Akafuta kidole kidogo kwenye khanga, akakiweka.

Kilisoma mara ya kwanza. Haikuwahi kutokea. Alama ya kijani ikawaka, jina lake zuri likatokea, na yeye akainua macho kunitazama, anasubiri nimwambie.

"Haijasoma, mama," nikasema. "Weka tena."

Akakipuliza, akakifuta tena, akakiweka. Mara hiyo nilikuwa nimeshafungua ukurasa mwingine, nimeshaingiza namba ya laini ya yule bwana. Ikakubali. Nikasema tayari. Mama akamshukuru Mungu, akasema leo kidole kimekuwa na akili, na kijana akaondoka anapiga mluzi kwenda kuweka laini yake kwenye simu. Jioni ile nilikuta kipande cha kibua mlangoni, nikakila chote.

Kesho yake yule bwana alikuja kama alivyoahidi, akachukua laini yake, akaniombea baraka. Sikumwona tena.

Ikapita miezi saba. Asubuhi moja wakaja watu wawili waliovaa kiraia wakiongozana na mjumbe, wakamuulizia mama kwa majina yake matatu. Nyumba nzima ikasema hayupo mtu wa jina hilo hapa, mpaka yeye mwenyewe akatoka chumbani akasema ni mimi. Kulikuwa na mwalimu huko mkoani aliyepokea ujumbe ule wa matapeli ambao kila mtu nchi hii ameshaupata, ile hela tuma kwenye namba hii. Kwa bahati mbaya siku hiyo mwalimu alikuwa kweli anasubiri kuelekezwa namba ya kutuma ada ya mtoto, akatuma. Namba ilikuwa na jina la mama. Akachukuliwa na ndala miguuni.

Mimi nilikuwa kazini. Fundi cherehani ndiye aliyenipigia simu, na kabla hajamaliza kueleza nilikuwa nimeshajua ni laini ipi. Halafu nikamsajili mteja aliyekuwa mbele yangu, na aliyemfuata. Mchana nilimweleza msimamizi kwa kuzungukazunguka. Akaniambia akaunti tunayotumia ni ya mwenye duka anayetugawia laini, vijana sita tunaitumia, hakuna atakayejua ni nani, nikae kimya itapita. Nisimtupie yeye lawama. Hata kama angeniambia nenda kituoni sasa hivi, nisingekwenda. Niliogopa kufungwa, niliogopa kunyang'anywa mashine, na zaidi ya yote niliogopa uso wa mama atakaponitazama.

Alikaa mahabusu siku mbili. Nyumbani watu walizungumza kwa sauti za chini, wakisema hata wewe ungemdhania? Mwenye nyumba, ambaye ukoo wake ulikuwa pale tangu mitaa ile ina minazi, alisema nyumba yake haijawahi kuingia polisi. Nilikuwepo alipolisema. Nilikuwa nachota maji, nikaendelea kuchota.

Mama aliachiwa siku ya tatu, akatakiwa kuripoti kila Jumatatu. Siku ile ile, saa nane mchana, akaniita chumbani kwake, akashusha pazia la mlango. Shikamoo yangu aliiitikia kama kawaida. Nilikaa kwenye mkeka nikiwa nimejiandaa kulia na kukiri, Mungu ni shahidi. Lakini yeye ndiye aliyeanza.

Alinieleza kwamba walimuuliza sana ni nani aliyemsajili. "Nimewaambia ilikuwa barabarani, Kariakoo, simkumbuki," akasema. "Wewe bado una maisha yako. Usije ukasumbuliwa kwa mambo yangu."

Wakamuuliza pia ni nani aliowaazima kidole, akakataa kuwataja. Alisema wale ni majirani zake, hawezi kuwaingiza watu ndani kwa kuwa walimwomba msaada. Ila kitu kimoja kilikuwa kinamkera. Polisi walimsomea kwamba laini ya wizi na laini ya mwanawe zilisajiliwa siku moja, zikifuatana. Alikuwa amelala sakafuni siku mbili akilifikiria hilo. Akanisogelea.

"Siku ile niliweka kidole mara mbili," akasema. "Ile ya kwanza ilisoma, au haikusoma?"

Ningeweza kulimaliza pale. Ilikuwa ni kusema neno moja. "Haikusoma, mama," nikamwambia.

Kisha akauliza kwa sauti ndogo sana, sauti ambayo mtu anaitumia akiwa hataki kujibiwa: "Au mwanangu alikuomba umsajilie na ya pili, mkanificha?"

Sikusema ndiyo. Miaka kadhaa nilijitetea kwa hilo, kwamba mimi sikumtaja kijana, sikutamka jina lake. Niliinamisha kichwa tu, nikatazama mkeka. Yeye akaona nimeinama, akadhani namlinda mwanawe, akaniwekea mkono begani.

"Basi, nimeelewa," akasema. "Wala usimwambie kama tumezungumza. Kikulacho ki nguoni mwako."

Na mkono wake ulikuwa bado uko kwenye bega langu.

Jioni hiyo nilimsikia kupitia ukutani akizungumza na kijana. Mama hakuwa mtu wa kufoka. Alimuuliza, kijana akakataa, akamuuliza tena, kijana akaapa kwa Mungu, mama akamkumbusha redio. Mlango ukafunguliwa, na dakika haikupita kijana akagonga kwangu. Alikuwa amelia, kitu ambacho sikuwahi kumwona akikifanya.

"Dada, mwambie wewe," akasema. "Ulinisajili laini moja. Si ulinipa moja tu?"

Nikamwambia ndiyo, moja. Nikamwambia mama ana hasira, tumwache apoe, kesho nitazungumza naye. Aliniamini. Alinishukuru hata. Kesho yake niliondoka alfajiri kabla hawajaamka, nikarudi jioni nikiwa nimechoka mno kuzungumza na mtu, na siku iliyofuata hivyo hivyo. Siku ya nne kijana akabeba begi lake. Mama alikuwa amemwambia asirudi mpaka aje na ukweli. Yeye alikuwa ameusema ukweli tangu siku ya kwanza, na hakuwa na mwingine.

Kilichobaki ni jambo ambalo bado linaniamsha na aibu. Polisi walimshauri mama azifunge laini zote zilizo kwenye jina lake ambazo hazitumii. Kusoma hakujui vizuri, akaniomba nimsindikize kwenye duka la kampuni ya simu kule Posta. Tulikaa kwenye viti vya baridi, dada wa mapokezi akageuza kompyuta ili tuione orodha. Mimi ndiye niliyemwonyesha kwa kidole: hii ni yako, hii ya fundi, hii ya mpwa wa mwenye nyumba, hii ndiyo ile. Na hii ya mwanao. Aliitazama ile namba muda mrefu ingawa tarakimu zilikuwa hazimwelezi kitu. Nilijua kwamba kijana hana namba nyingine, na kwamba ikifungwa hakuna atakayempata, wala yeye hatajua kwa nini simu yake imekufa, atadhani tu kwamba mama yake amemkata. Nilijua yote hayo. Mama akasema zote zifungwe, ibaki yake. Dada akaniuliza mimi kama mama ameelewa. Nikasema ameelewa.

Hakukaa sana katika nyumba ile baada ya hapo. Watu hawakumtukana, lakini utani ulikuwa mbaya kuliko matusi. Mtu akimwazima ndoo alisema, utairudisha kwangu au utaituma kwenye namba hii? Kule Feri nako wachuuzi wenzake walikuwa na ya kwao. Alikuwa anacheka nao. Mwisho akahamia Mbagala kwenye chumba kidogo, na siku ya kuondoka aliniachia lile kawa lake, akasema huko aendako hana wa kumwekea. Nililitia chini ya kitanda.

Miezi miwili baadaye nami niliacha kazi ya laini. Sasa nina fremu ya duka Kariakoo, nauza makava ya simu na vioo vya kubandika, na ninaishi vizuri tu, jambo ambalo nalo linaniudhi. Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikuwa ya miaka mitano. Katika miaka hiyo sikukanyaga Feri. Samaki nilinunua wa barafu, wasio na ladha, na mtu akiniuliza kwa nini mtoto wa kusini anakula samaki wa kwenye friji, nilisema sipendi harufu ya kule. Nilisikia kwamba mama bado anakaanga pale pale. Nilisikia pia kwamba kijana alionekana Tunduma akishusha mizigo mpakani, kisha kwamba amevuka upande wa pili, kisha sikusikia tena.

Kilichonitoa mafichoni ni kitu kidogo. Mwaka huu kijana mmoja wa laini aliweka mwamvuli mbele ya fremu yangu. Tulisalimiana kila siku, mambo, poa, nikamwachia achaji simu kwangu. Siku moja alikuwa anamhudumia mzee wa makamo ya baba yangu, nami napanga makava, nikamsikia akisema, haijasoma, mzee, weka tena. Nikatoka na kava mkononi nikamuuliza kwa ukali kwa nini haijasoma, nikamtaka anionyeshe simu. Yule mzee akashtuka. Kijana akaniangalia kama nimechanganyikiwa, akasema, "Dada, mtandao tu unasumbua. Kwani vipi?" Na simu ikawa kweli inazungusha kiduara chake, haina kosa. Nikarudi ndani nikakaa. Labda alikuwa mkweli, labda siyo. Mzee yule hakuwa na njia ya kujua, na mimi niliyeifanya kazi ile sikuwa nayo pia.

Jumamosi iliyofuata nikaenda Feri, asubuhi, kabla wateja wa chakula cha mchana hawajajaa. Moshi wa makarai ni ule ule. Nilimwona kabla hajaniona: amepungua, mtandio umefungwa kichwani, anageuza kolekole kwa upawa mrefu. Nikasema shikamoo. Akaitikia marahaba bila kutazama, kisha akatazama, na uso wake ukafunguka kwa furaha. Akafuta benchi kwa kitambaa, akaniuliza kama nimeolewa, akaniuliza kwa nini nimekonda. Akanichagulia kipande. Nikakishika kwenye gazeti, sikukila.

Nikamwambia hapo hapo, nikiwa nimesimama, kwa sababu nilijua nikikaa nitageuza maneno. Nikamwambia kwamba kidole kilisoma mara ya kwanza. Nikamweleza bwana wa shati la pasi, tageti, mkoba, ukurasa wa pili. Nikamwambia kwamba mwanawe alinijia mlangoni jioni ile akilia, nikamwahidi, nikamkimbia. Nilisema kila kitu mpaka cha Posta, kwamba nilijua. Sikulia, na ninashukuru, kwani nisingependa anibembeleze.

Aliendelea kugeuza samaki nilipokuwa nasema. Nilipomaliza akaondoa karai jikoni, akaliweka chini taratibu, mafuta yakaacha kulia.

"Kwa hiyo mwanangu alikuwa anasema kweli," akasema.

Nikasema ndiyo.

"Siku zote."

Nikasema ndiyo, mama, siku zote.

Nilisubiri anitukane. Nilitaka anitukane. Nikaanza kusema kwamba nitamtafuta, nitakwenda Tunduma mwenyewe, nitauliza kwa wapagazi, nitamwambia kwa mdomo wangu. Hakuwa ananisikiliza. Aliingiza mkono kifuani akatoa simu yake, kitochi kile kile cha zamani chenye vitufe vilivyofutika, akakishika kwenye kiganja.

Akaniambia kwamba polisi walimwonya wakati ule asipokee kamwe namba asiyoijua. Naye alishika onyo hilo kwa miaka yote mitano, hata meseji za namba ngeni hafungui, maana huko ndiko matapeli waliko. Ila kila Idi, baada ya swala, inakuja simu. Namba ngeni, kila mwaka nyingine. Nyingine zinaanza na tarakimu za nje ya nchi, mteja wake mmoja alimwambia.

Nikaichukua simu mkononi mwake bila hata kuomba, nikafungua orodha. Inatunza simu ishirini za mwisho tu. Zote zilikuwa za wauza samaki na wauza kuni, na Idi ilikuwa imepita miezi mitatu. Nikamrudishia.

"Mwaka huu iliita mara tatu," akasema. "Nikakaa naitazama mpaka ikanyamaza."